Uzoefu Wangu wa Kubadilishana Kadi za Mashairi kwa Posta

Wenzangu wa baraza la ushairi hapa Mombasa huniuliza iwapo mzunguko wa kadi za mashairi, zile tunazozitengeneza kwa mikono na kutumiana kwa posta, una faida yoyote kwa mtunzi ambaye tayari ana simu yenye makundi yanayojaa beti kila asubuhi. Jibu langu ni kwamba faida ipo, ila si kwa kila mtunzi, na si kwa kanuni zote ambazo mzunguko huu ulikuja nazo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mratibu hukusanya majina na anwani, hutoza ada ndogo, kisha humpa kila mshiriki orodha ya washairi wa kuwaandikia. Mimi niliangukiwa na watu wa Malindi, Lamu, Tanga na Unguja, pamoja na mmoja wa hapa hapa Kisauni. Wazo limeigwa kutoka tamasha la Marekani lililoanzishwa mwaka 2007 na washairi Paul Nelson na Lana Hechtman Ayers, ambapo mshiriki huandika kadi 31 kwa ajili ya mwezi wa Agosti, akitunga papo hapo juu ya kadi bila kuandika rasimu, na bila kungoja jibu la aliyemwandikia.

Sharti la kutunga papo hapo halikunisumbua. Mtunzi aliyelelewa katika arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, huwa amekwisha kuhesabu mizani kichwani kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo kinachotua kwenye kadi huonekana kama kimezuka wakati huohuo. Nisilolikubali ni hilo la kutongoja jibu, kwa sababu katika pwani hii shairi likipelekwa kwa mtu hupelekwa ili lijibiwe. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mvita, ndiyo Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu katika miaka ambayo miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama wa vita, na hata wakati huo ubeti ulioachwa bila jawabu ulihesabiwa kuwa umeshinda. Baada ya baadhi yetu kulalamika, mratibu alikubali kwamba upande wa Kiswahili kila kadi ijibiwe, na ijibiwe kwa vina vilevile vya aliyeanza. Kwa maoni yangu badiliko hilo ndilo lililoufanya mzunguko huu kuwa wetu.

Kadi niliyoifurahia kuliko zote ilitoka Tanga, nayo ilikuwa na fumbo:

Mgongo wake wa gundi, hasemi hata agongwe,
Asipokuwa huendi, hata safari ipangwe,
Avuka hata kilindi, pembeni japo atengwe,
Nambia malenga fundi, fumbo hili lisifungwe.

Msomaji ataona kwamba fumbo linamzungumzia stempu, na kwamba huyo stempu mwenyewe alikuwa amebandikwa upande wa pili wa kadi, amekwisha kugongwa muhuri. Ubeti kama huu ukisomwa kwenye simu hupoteza nusu ya utamu wake. Kulijibu kulikuwa kazi: maneno yenye kina cha "ngwe" si mengi, na mwenzangu alikuwa amekwisha kuyatumia yaliyo rahisi. Nilizunguka nalo siku kadhaa, nikiwa kwenye kivuko cha Likoni na nikiwa dukani, na sidhani kwamba ningelivumilia kiasi hicho kama lingekuja kwa njia ambayo watu hutarajia jibu kabla ya chai kupoa.

Kuhusu kadi zenyewe, yapo mambo ambayo mgeni anafaa kuyajua mapema. Kipimo cha kawaida ni milimita 105 kwa 148, na kanuni za posta za kimataifa huruhusu kadi isiyopungua milimita 90 kwa 140 wala kuzidi 120 kwa 235. Ukiacha nusu ya upande wa nyuma kwa anwani na stempu, unabaki na upana wa milimita 74 hivi, na mshororo wa mizani 16 haukai hapo kwa mwandiko wa kawaida. Wengine huukata ovyo, jambo linaloumiza macho. Njia nzuri ni kuutenga ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, ubeti ukawa na mistari minane mifupi, ambapo kina cha kati kinaonekana waziwazi mwishoni mwa mstari wake. Au kugeuza kadi na kuliachia shairi upande wote wa mbele. Karatasi nzito ya manila inatosha. Mimi hubandika pia vipande vya leso ninavyopewa na fundi cherehani, nikichagua sehemu ya pindo na si ile ya jina, yaani msemo uliochapwa, kwani jina la leso lina ujumbe wake na laweza kugombana na shairi. Kadi ya namna hiyo ni bora iingizwe kwenye bahasha, maana kitambaa hunasika na kubanduka njiani.

Kasoro zipo. Kadi moja kutoka Unguja ilifika ikiwa imelowa, na kwa kuwa mwandishi alitumia wino wa maji, mishororo miwili ilikuwa imegeuka doa la buluu. Tangu hapo kundi letu limekubaliana kutumia wino usioyeyuka. Vijana wengi hawana sanduku la posta, hivyo hulazimika kuazima la mzazi au la shule, na kadi yaweza kukaa huko wiki nyingi kabla ya kumfikia mwenyewe. Halafu kuna sauti: shairi letu hutungwa likiwa na mahadhi yake, na kadi haiwezi kumwambia msomaji kwamba mtunzi alikusudia mahadhi gani, ingawa mshairi wa Lamu aliniandikia pembeni jina la wimbo wa harusi aliotaka niufuatishe, na nikamwelewa vizuri.

Anayeandika mashairi huru atajiunga kwa raha bila ya kubadili chochote. Mwanafunzi anayejifunza vina na mizani atafaidika hata zaidi, mradi akubali kwamba jibu litachelewa. Kilichobaki kuniudhi ni wale wanaopokea kadi na kunyamaza, na pendekezo nililompelekea mratibu ni kwamba asiyejibu kwa miezi miwili jina lake liondolewe kwenye orodha hadi msimu unaofuata, ili nafasi yake apewe mtu anayengoja.