SGR Dar mpaka Dodoma na mama, Krismasi ya kwanza bila baba
Naandika hii kwa mtu ambae mzazi wake kafiwa na sikukuu inakuja hajui amfanyie nini. Sisi tulimzika baba mwezi wa nne, ilipofika Novemba mama akasema mwaka huu Mvumi, kijijini kule Dodoma, haendi, basi.

Shida haikuwa Mvumi, ilikuwa njia. Miaka yote baba ndo alikuwa anatuendesha na ile barabara yote ni yake, Dumila lazima ashuke achague nyanya mwenyewe moja moja, Gairo viazi vitamu, mama huku analalamika tunachelewa. Sasa umpitishe pale kwenye basi masaa nane anaangalia tu dirishani, hapana aisee.

Tukakata SGR. Treni haipiti kule, ikitoka Morogoro inashika Kilosa, Gulwe, hakuna sehemu hata moja baba aliwahi kusimama. Nyota tano naitolea hapo kuliko hata spidi.

Kwa mtu mzima iko vizuri sana, stesheni ya Dar ina lifti, siti ina namba yako hakuna kugombania, choo kipo humohumo kwa hiyo mama hakujinyima maji kama anavyofanyaga kwenye basi. Daraja la kawaida 31,000, kama masaa manne hivi mko Dodoma. Tiketi kata mapema mtandaoni, Desemba watu ni wengi mno, na beba kitambulisho. Mchukulie na kitenge, ndani kuna AC.

Tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa akanishika mkono. Tunatoka kwenye mwanga akasema "baba yako hapa angeuliza wamechimba kwa miaka mingapi", akacheka, halafu akalia. Sikumwambia nyamaza. Hapo ndo wengi tunakosea, mtu akitoa chozi tu tunakimbilia "jikaze mama", jamani ajikaze mpaka lini? Nilimpa leso na maji nikakaa kimya.

Krismasi yenyewe ilikuwa ngumu, sitadanganya, asubuhi alikaa kaburini mpaka jua likawa kali, na mimi nikakaa nae.

Tarehe 27 nimeshika simu nikate tiketi za kurudi akaniambia "acha mwanangu, turudi na gari ya mjomba wako, nataka nyanya za Dumila."