Superman wa nyundo na mundu

Katuni ya Superman: Red Son nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ukurasa wa foleni. Ilitoka 2003 kwa matoleo matatu, siku hizi yamefungwa kitabu kimoja. Mwandishi Mark Millar kaangusha kile chombo cha angani kilichomleta Superman mchanga duniani kwenye shamba la ushirika Ukraine badala ya Kansas, Marekani, basi mtoto anakulia kwa Wasovieti, kifuani nyundo na mundu mahali pa ile S.

Stalin anapofariki, chama kinamtaka ashike nchi. Hataki. Kisha anamkuta Lana, rafiki yake wa utotoni, kapanga foleni ya chakula na wanawe, njaa imewakaba. Hapo ndipo anabadili nia, na mimi nilimwelewa kabisa, ndiyo maana yanayofuata yanauma: wabishi wanachezewa ubongo mpaka wanageuka watumishi watiifu. Na bado anajiona mtu mwema!

Batman naye kavaa kofia ya manyoya. Nilicheka, mpaka alipowasha taa za jua jekundu na Superman akaishiwa nguvu.

Sehemu ya tatu imekimbizwa mno. Jeshi zima la Green Lantern, askari wenye pete za nguvu, linaletwa, linapigwa, limekwisha, hata sijawazoea. Wachoraji ni wawili, Dave Johnson na Kilian Plunkett, na jicho linalishtukia hilo.

Mwisho siwaharibii. Ila kuna kikaratasi alichoandika Luthor, adui mkuu wa Superman, sentensi moja tu. Nilipokisoma nilifunika kitabu nikaenda kunywa maji.