DSLR ya kwanza kwa milioni moja: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Kila Desemba ikikaribia, sendofu na harusi zikianza kupangana, napata ujumbe wa aina moja kwenye simu: "Kaka, nina milioni moja. Ninunue kamera gani?" Kabla sijajibu inafuata picha ya boksi jipya lililoko dukani, megapikseli 24 zimeandikwa kwa herufi kubwa, na swali la pili: "Hii vipi?"

Namrudishia swali. Wapiga picha wa mtaani kwenu wanatumia nini?

Wengi hudhani nakwepa. Sikwepi. Lenzi ya Canon haiingii kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Nikon, wala ya Nikon haiingii kwenye Canon. Ukishanunua bodi umeingia kwenye ukoo: ndiko utakakoazima lenzi, ndiko utakakokopeshwa betri saa nne usiku keki haijakatwa, ndiko aliko fundi mwenye vipuri na mtu wa kuinunua kamera yako siku ukitaka kupanda daraja. Mwenye milioni moja hawezi kununua kila kitu, kwa hiyo nusu ya vifaa vyake vya mwaka wa kwanza vitakuwa vya watu. Mimi napigia picha Dar, na wenzangu ninaoazimana nao wengi wana Canon, ndiyo maana orodha hii imeegemea huko. Kama kaka yako ana Nikon na lenzi tatu kabatini, igeuze orodha bila kuniomba ruhusa.

Kingine: nunua iliyotumika. DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani kinachokuonyesha picha unapochungulia, za mwisho za Canon na Nikon zilitoka mwaka 2020, na tangu hapo kampuni zote mbili zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Mwenye pesa nyingi atakwambia DSLR imekufa. Wewe furahi, kwa sababu wanaohama ndio wanaouza. Na usidhani unachukua makombo. Nikon D3500 imepimwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja. Canon M50, isiyo na kioo, ilipimwa picha 235. Umeme ukikatika ukumbini saa mbili, utajua nani kafa.

Hesabu yangu ni kwamba bodi pamoja na lenzi yake ya 18-55 (ile ya kawaida inayokuja na kamera) isizidi laki saba. Kinachobaki ni cha lenzi ya pili, kadi na betri ya akiba. Ukimaliza milioni yote kwenye bodi, umenunua gari ukakosa hela ya mafuta.

Ya kwanza: Canon 700D

Ilitoka mwaka 2013, ina megapikseli 18. Usizicheke. Picha yake ina pikseli 5184 kwa 3456. Ukichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata inchi 17 kwa 11 na nusu, karibu kabisa na A3. Na tuwe wakweli, picha nyingi utakazopiga zitaishia status ya WhatsApp, ambako hata megapikseli 50 hubanwa zikawa sahani moja na za simu.

Ninachoipendea ni skrini. Inafunguka pembeni, inazunguka, na inaguswa kama simu. Siku umeinua kamera juu ya vichwa vya mashangazi waliojazana mbele ya bibi harusi, au umelala chini kupata miguu ya wacheza ngoma, skrini hiyo ndiyo inakupa picha. Ina tundu la maiki, kwa hiyo video ya mahojiano itakuwa na sauti ya maana. Betri yake ni LP-E8, ileile ya 550D, 600D na 650D, na hapo ndipo habari ya ukoo inapokuja: hizo zimejaa mitaani.

Ukiikuta imeandikwa Rebel T5i, imetoka Marekani. Ikiandikwa Kiss X7i, imetoka Japani. Ni kamera hiyohiyo, usikubali kuongezewa bei kwa jina. Udhaifu wake ni usiku, ukipandisha ISO (namba ya kamera kuhisi mwanga): ISO 1600 inavumilika, 3200 chenga zinaanza, na zaidi ya hapo utajitetea kwa kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Bei ikikushinda, shuka hadi 600D ya mwaka 2011. Skrini inazunguka ila haiguswi, maiki inaingia, betri ni ileile.

Ya pili: Nikon D5300

Kwa ubora wa picha peke yake hii ingekaa juu. Megapikseli 24.2, nukta 39 za fokasi (sehemu ambazo kamera inaweza kulenga) dhidi ya 9 za 700D, skrini inayozunguka, tundu la maiki, Wi-Fi ya kurushia picha kwenye simu. Lakini kilichonishangaza nilipoazimwa moja kwa wiki nzima ni vivuli. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, nyuma yake dirisha linawaka jua la saa nane: ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwenye kompyuta unapandisha vivuli na sura inarudi safi. Kwenye Canon za rika hilo, ukipandisha hivyo vinakuja na michirizi na chenga.

Ina mtego mmoja. Nikon za familia za D3000 na D5000, D3300, D3500 na D5300 zikiwemo, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi lazima iwe na mota yake, yaani iandikwe AF-S au AF-P. Kuna lenzi ya 50mm f/1.8D ya zamani (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa), nzuri na rahisi, ambayo muuzaji atakupa huku akitabasamu; kwenye D5300 utafokasi kwa mkono maisha yako yote.

Kama D5300 iko mbali, D3300 ya mwaka 2014 ina megapikseli zilezile, imepungukiwa skrini ya kuzunguka, Wi-Fi na nukta za fokasi. Angalia kichekesho hiki: D3400 na D3500 zilizokuja baadaye ziliondolewa tundu la maiki. Mpya si lazima iwe na zaidi. Kwa picha za mnato tu, D3500 ni nyepesi, haichoshi shingo, na betri nimekwishaisema.

Ya tatu: Nikon D7000 au Canon 60D

Zote mbili ni za mwaka 2010, nzito, zimeumbwa kwa kazi. Zinamfaa mtu ambaye tayari ana harusi ya kupiga mwezi ujao, si anayejifunza kwa kupiga paka wa nyumbani. D7000 ina nafasi mbili za kadi, ukiipanga hivyo kila picha inaandikwa mara mbili, na aliyewahi kupoteza kadi ya ndoa ya mtu anajua thamani ya hilo. Ina mota ndani, kwa hiyo ile 50mm ya zamani inafanya kazi kama kawaida. Shata yake, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga, ilijaribiwa kwa mara 150,000. Tatizo ni kwamba kamera za aina hii mara nyingi zimeshafanyishwa kazi kama daladala. Ya bei chee mno ina sababu.

Ya nne: Canon 200D

Ya mwaka 2017, gramu 453 pamoja na betri, na kwa video hakuna inayoigusa kwenye orodha hii, maana fokasi yake ya skrini inamfuata mtu anayetembea bila kuhemahema. Imekaa nne kwa sababu ya bei tu. Ukiipata ndani ya laki saba, ichukue, usinipigie simu kwanza.

Ya mwisho: lile boksi jipya

Ni Canon 2000D, au mdogo wake 4000D wa megapikseli 18. Naelewa kwa nini zinavutia: boksi limefungwa, kuna risiti, kuna waranti, na mzazi anayetoa pesa anataka kitu kipya. Sisemi hazipigi picha. Lakini skrini zake hazifunguki, maiki haina pa kuingia, fokasi ni nukta 9. Ile 4000D ina shingo ya lenzi ya plastiki badala ya chuma, na kwa kawaida inauzwa na lenzi ya 18-55 isiyo na kitulizi cha mtikisiko.

Kubwa zaidi halisemwi dukani. Tazama kile kibati cha juu pa kuchomekea flashi. Kwenye kamera nyingine kuna pini kubwa katikati. Ndiyo inayoiambia flashi yoyote, ya kampuni yoyote, iwake. Canon waliiondoa kwenye 2000D, 4000D na hata 250D. Flashi za kurekebisha kwa mkono za bei nafuu, zile ambazo mwanzo wa kazi ndizo unazozimudu, hazitawaka. Unaokoa mbele, unalipa nyuma.

Jihadhari pia na vifurushi: kamera, stendi, begi na "lenzi mbili". Lenzi ya pili mara nyingi ni 75-300 ya Canon, haina kitulizi, na jioni haina msaada. Fedha hiyo ina kazi bora.

Kazi yenyewe ni 50mm f/1.8. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafungua f/5.6, hii ya 50mm inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ukumbi uleule, taa zilezile, kamera ileile, na picha zinakuwa za mtu mwingine. Kwa Canon tafuta yenye maandishi STM, ya mwaka 2015. Kasoro yake ni kwamba kwenye bodi hizi inaona kwa wembamba, kama ya 80mm, na sebuleni utarudi nyuma mpaka ugonge kabati la vyombo. Wa Nikon wana bahati: AF-S DX 35mm f/1.8G inakaa vizuri ndani ya nyumba.

Ukishapata ya kununua, kutana na muuzaji mchana, penye mwanga, na uende na kadi yako. Zima kamera, itoe lenzi, washa tochi ya simu na uangaze kupitia lenzi kutoka upande mmoja. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na kwa sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ni ugonjwa wa kawaida. Lenzi yangu ya kwanza niliinunua jioni kwa mtu chini ya taa ya duka. Asubuhi yake niliona bustani nzima ndani. Aliyeniuzia alikuwa kashazima simu.

Halafu irudishe lenzi, weka f/11, piga. Kwenye lenzi za 18-55 za Canon zilizochoka, waya wa ndani hukatika: tundu likiwa wazi kabisa kamera inapiga bila shida, ukilibana inaandika Err 01. Muuzaji mjanja anakuonyesha ikiwa wazi tu. Piga pia anga tupu kwa f/22 uone vidoa. Vidoa vya vumbi vinasafishika, mkwaruzo kwenye sensa (bamba la ndani linalonasa picha) hausafishiki. Bonyeza kila kitufe, inua flashi ya juu iwake, toa betri uone kama haijavimba.

Idadi ya picha zilizokwishapigwa ni rahisi kuijua kwenye Nikon, imo ndani ya faili la picha yenyewe. Piga moja, ipakie kwenye tovuti zinazosoma taarifa za picha, utaiona. D5300 na D3300 shata zake zilijaribiwa kwa mara 100,000, basi ya 20,000 ni kijana na ya 90,000 ni mzee mwenye heshima zake. Canon haiandiki namba hiyo kwenye picha, itabidi uichomeke kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma. Kama huna, angalia raba za mshiko na maandishi ya vitufe: vikiwa vimelika hadi kung'aa huku muuzaji anasema "nilipigia familia tu", familia hiyo ni kubwa.

Ukifika nayo nyumbani usiifungie kwenye begi kabatini. Nunua deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, na kila baada ya siku kadhaa itoe uipige hata picha mbili dirishani.