Mtego wa spiriti kwa bungua wa magogo: nauamini, kwa sharti

Ninachonga samani Nyakato, na magogo yenye magome hukaa uani. Mtego huu wa chupa niliununua duka la pembejeo. Unatoa harufu ya spiriti, ileile ya mti uliodhoofika au gogo lililokatwa juzi, ndiyo inayowaita bungua. Unanasa vizuri sana. Utundike pembeni ya uwanja, usiwavute kwenye magogo yenyewe.

Kinachonihuzunisha ni kwamba harufu huita na wadudu wanaowinda bungua. Kule Ulaya mende Thanasimus formicarius hunusa bungua wa magome na utomvu wa msonobari, akafika kuwala. Mwenye sifa hizo hafai kufia chupani! Watengenezaji wakitoa mtego wenye wavu wa matundu madogo mdomoni, bungua wapite na mende mkubwa abaki nje, nitanunua hata kwa bei mara mbili.