Uzoefu wangu na Deutschlandticket: tiketi ya mwanafunzi asiye na haraka

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome aondoke zake: ukiwa mwanafunzi Ujerumani, Deutschlandticket ndiyo pesa yenye faida kuliko zote utakazotoa kila mwezi. Naipa nyota nne kati ya tano. Wasio na haraka tuendelee.

Kwa asiyeifahamu, hii ni tiketi ya mwezi inayokupandisha usafiri wa umma wa nchi nzima: mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi, S-Bahn za mjini, na treni za mikoa zenye alama za RE na RB. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49. Januari 2025 ikawa 58, na Januari 2026 ikafika 63. Huo mwendo wa bei siupendi hata kidogo, maana malipo ya vibarua vya wanafunzi hayapandi hivyo. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC, hazimo. Hapo ndipo wengi hukunja uso. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuipenda.

Nakaa Köln. Ukipanda ICE kwenda Frankfurt unatumia kama saa moja, mwendo unafika kilomita 300 kwa saa, na utakachokiona njiani ni mahandaki na kuta za kuzuia kelele. Kwa Deutschlandticket hiyo huiwezi, kwa hiyo unapanda RB26, treni ya pole inayoambaa na mto Rhein hadi Mainz, ikisimama kila kijiji kama daladala inayosaka abiria. Kaa upande wa kushoto ukitoka Köln. Baada ya Koblenz milima inausogelea mto, mizabibu imepandwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili, na kila ukikata kona kuna ngome ya kale juu ya mwamba. Sehemu hiyo, kati ya Koblenz na Bingen, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2002. Na kwa kuwa tiketi haina safari maalumu, ukipapenda mahali unashuka, unazunguka, unapanda treni inayofuata. Hakuna anayekuuliza. Uhuru huo wa kushuka ndio hasa unaoulipia, na matangazo yao hayausemi vya kutosha.

Wuppertal nilienda kwa ajili ya Schwebebahn tu. Ni treni inayoning'inia chini ya reli, juu ya mto Wupper, na imekuwa ikibeba watu tangu 1901. Imo ndani ya tiketi. Hamburg vilevile, feri namba 62 kutoka Landungsbrücken inapita bandarini kati ya meli za makontena, nayo imo. Watu wanalipia boti za watalii kuona yale yale. Aachen nako si mbali na Köln, kanisa kuu lake lina kiti cha enzi cha Karolo Mkuu aliyefariki mwaka 814. Kusini unaweza kuvuka hadi Salzburg, Austria, kwa treni ya mkoa bila kuongeza senti. Ila ukisogea mipakani beba pasipoti na kadi ya ukaazi, polisi hupanda na kukagua.

Sasa Berlin, maana ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Kutoka Köln kwa treni za mikoa ni zaidi ya saa nane, ukibadilisha Minden, Braunschweig na Magdeburg. ICE ingekufikisha kwa saa nne na nusu hivi. Ni safari ya kitabu kimoja kinene na mikate ya kufunga, na mgongo utakulaumu. Lakini ukishafika, tiketi ile ile inakupandisha U6, treni ya chini ya ardhi, na kwenye njia hiyo moja kuna vituo viwili ambavyo Mtanzania yeyote anayesoma huku angepaswa kushuka.

Cha kwanza kinaitwa Naturkundemuseum. Ndani ya jumba hilo la makumbusho amesimama mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Kiingilio ni chako, tiketi ya treni haihusiki. Shuleni tulikariri tu kwamba mjusi wetu yuko Ujerumani. Kumtazama hadi shingo inauma ni jambo jingine. Mifupa ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, na wapagazi waliibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini. Majina ya wanasayansi, Janensch na Hennig, yanajulikana sana. Mimi nilitoka na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu ambaye ningependa awemo kwenye vitabu vya darasa la tano. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakipiga kelele kwa furaha, na mimi sikujua nifurahi nao au nidai kitu.

Panda tena U6 kuelekea kaskazini, shuka Rehberge au Afrikanische Straße. Hapo unatembea mtaani na kusoma vibao: Tangastraße, Usambarastraße, Sansibarstraße. Ni majina yaliyowekwa kwa fahari ya ukoloni, na barabara moja, Petersallee, ilipewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, yule yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Agosti 2024 jina hilo likang'olewa. Kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee. Si mahali pa utalii, ni mtaa wa kawaida, watu wanarudi na mifuko ya sokoni na kufungua milango yao. Sijui kama wanaokaa pale wanajua Maji Maji ilikuwa nini. Kibao lakini kipo, na nimekigusa.

Tangu hapo nikawa napanga safari kwa kufuata nyayo zetu. Papenburg, mji mdogo wa kaskazini kwenye njia ya RE15, ndiko ilikoundwa mwaka 1913 meli ya Graf Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikapelekwa hadi Kigoma kuunganishwa. Leo tunaiita Liemba. Huko RE inasimama.

Haya, kasoro. Treni za mikoa huchelewa, na ukiwa na mabadiliko matatu dakika kumi za kuchelewa zinazaa saa nzima ya kusubiri kwenye jukwaa lenye upepo. Fidia ipo kisheria, lakini kwa wenye tiketi hii ni euro 1.50 kwa kila safari iliyochelewa dakika 60 au zaidi, tena hulipwi mpaka zifike euro 4. Mimi sihangaiki kujaza fomu. Wikendi mabehewa yanajaa, na siku ya mpira utasafiri umesimama kati ya mashabiki na chupa zao za bia. Usiku wa manane treni za mikoa ni chache au hakuna kabisa, kwa hiyo angalia ya mwisho kabla hujakolea kwenye matembezi. Baiskeli kwa kawaida inataka tiketi yake.

Tiketi ina jina lako na haiazimwi, kwa hiyo mkaguzi anaweza kukutaka kitambulisho chenye picha. Skrinishoti haikubaliki, lazima ufungue programu yenyewe. Beba pawabenki. Ukikutwa huna tiketi halali faini ni euro 60, na wakaguzi wa mijini mara nyingi wamevaa kiraia, hutawatambua mpaka watoe kitambulisho.

La muhimu kwa wadogo zangu mnaokuja: msikimbilie kuinunua. Mimi nikiwa kwenye kozi ya lugha sikuwa na njia, nililipa bei kamili. Nilipoandikishwa chuoni nikakuta imo ndani ya ada ya muhula, kama Deutschlandsemesterticket, kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyokuwa euro 29.40 kwa mwezi wakati ile ya wote ikiwa 49. Si vyuo vyote vyenye mkataba huo, na Bavaria ina utaratibu wake, basi ulizeni kwa kamati ya wanafunzi kabla ya kutoa kadi ya benki. Anayekaa mji mdogo, anayekwenda chuo kwa miguu na asiyetoka wikendi, kwa bei kamili simshauri. Naye anayetaka kwenda Munich na kurudi kwa siku mbili kutoka kaskazini, anunue mapema tiketi ya ICE ya bei nafuu, mwili wake utamshukuru.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei inayopanda na usiku usio na treni. Na kama umeinunua kwa bei kamili, kumbuka ni mkataba unaojiendeleza wenyewe kila mwezi: ukitaka uishe mwisho wa mwezi huu, sitisha kabla ya tarehe 10.