Nililipia Franco, Nikapewa Mtu Mwingine

Mathe! Muuza CD mwenye mvi, rika la baba yangu, ananiita mathe, yaani mama, mbele za watu huku mdomo umejaa mandazi. Nina miaka 34. Hata albamu yenyewe ingekuwa imeshushwa kutoka mbinguni, hilo silisamehe, na mnivumilie nikilirudia.

Mambo yalianza hivi. Baba ana deki ya zamani ambayo sisi watoto haturuhusiwi kuigusa, na ugonjwa wake ni rumba. Siku moja nikienda kumwona mtaani Umoja, hapa Nairobi, nilipitia kibanda kimoja upande wa River Road (sitakitaja, sitaki kumfanyia matangazo ya bure) nikachagua CD ya Franco, yule wa rumba ya Kongo, na bendi yake TPOK Jazz. Jalada safi, picha safi, shilingi 500. Nikamwomba mwenye kibanda aiweke kidogo nisikie. Akasema stima imepotea. Kwa jirani yake, fundi wa simu, taa ilikuwa inawaka.

Jumapili, baada ya chakula, baba akavaa kofia yake na kukaa mkao wa kungojea gitaa. Gitaa la Kikongo halikuja. Akatokea mtu anaimba Kiingereza cha kujivutavuta, kabla hatujakaa sawa yuko kwenye Kireno, mara Kihispania.

"Huyu si Franco," baba akasema.

"Naona, baba."

"Na ulimlipa?"

"Nilimlipa."

"Basi wamekula pesa yako."

Wiki hiyo hiyo nikairudisha. Risiti niliyokuwa nayo ni kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa "muziki 500", kwa hivyo ushahidi sina. Jamaa akaitazama CD, akatazama jalada, akaniambia: "Sasa mathe, wewe ulitaka kusikiza ama kusoma kava?" Vijana waliokuwa wakichagua filamu wakaangua kicheko. Nikaondoka nikitetemeka, na nia yangu ilikuwa kuitupa kwenye pipa la kwanza nitakaloliona. Pipa katikati ya jiji hili utalitafuta mpaka hasira zipoe, kwa hivyo nikafika nayo tena Umoja.

Baba akakataa isitupwe. Kitu ulicholipia hakitupwi, alisema, hebu weka tena pale penye tarumbeta.

Tukasikiliza tena, safari hii yeye akiwa amevua kofia. Nilikuwa nimeshasaka kwenye simu nikajua ni kitu gani: Próxima Estación: Esperanza, albamu ya Manu Chao ya mwaka 2001. Jina ni tangazo la treni za chini ya ardhi za Madrid, kituo kinachofuata ni Esperanza, na kituo hicho kipo kweli. Maana yake ni Tumaini. Nikawaza makanga wa gari la Umoja akikutangazia hivyo kwa upole, badala ya kukugongea bati na kukwambia shuka haraka kuna askari.

Halafu nikacheka peke yangu. Manu Chao alizaliwa Paris mwaka 1961, wazazi wake ni Wahispania, na ukoo wao ulikuwa umeonja udikteta wa Jenerali Franco wa Uhispania. Yaani nimelipia Franco wa Kinshasa, nikauziwa mtoto wa watu waliokuwa na shida na Franco mwingine kabisa!

Nyimbo ni 17 na hazipumui. Huu haujaisha, ule umeshaingia, na mdundo uliokwisha kuusikia unarudi umevalishwa maneno mengine. Baba aliligundua hilo kabla yangu. "Huyu ni bahili," akasema, "anapika sufuria moja wiki nzima." Lakini mguu wake ulikuwa unacheza. Na kuna ule wimbo wa sita, Me Gustas Tú, jamaa anataja anavyovipenda, ndege, kusafiri, asubuhi, upepo, na kila akitaja kimoja anarudi kusema nakupenda wewe. Katikati inaingia sauti ya redio ikisoma saa: saa sita usiku Havana, saa tano San Salvador, saa tano Managua. Baba akainua kidole. Kwake hiyo ilikuwa Sauti ya Kenya kabla ya taarifa ya habari. Na maadamu Havana ilikuwa imetajwa, nikahubiriwa upya kwamba Wakongo rumba waliiokota kwenye santuri za Kuba, kwa hivyo huyu Mhispania ni ndugu, ila alipotea njia.

Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota tano. Kisha ukaja wimbo wa saba.

Unaitwa Denia, unaimbwa kwa Kiarabu, na ndio niliokuwa nausubiri, kwa sababu mama wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Lamu, aliusikia dirishani akaja kusimama mlangoni. "Si anasema dunia huyo?" akauliza. Tukatega masikio. De-de-de-de. Imekwama. Nikaitoa: mkwaruzo mrefu kama kidole, kutoka ukingoni hadi karibu na tundu. Nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua taratibu kwa fulana ya pamba, nikaisuuza, nikaikausha. De-de-de. Mama wa Lamu akangoja karibu robo saa, akaenda kuangalia wali wake. Wimbo wa nane ukaanza kama hakuna lililotokea.

Kwa hivyo nyota mbili. Moja kwa Manu Chao, moja kwa baba. Hapana, Manu Chao nimwongeze mbili, hana kosa, na tangu siku hiyo nimeisikiliza hata nikifua. Lakini kibanda kile sifuri, na msiende.

Mimi nilienda. Juzi, kumuuliza kama anayo nyingine isiyo na mkwaruzo. Hakuinua hata macho.

"Ile ya Mhispania? Ilikuwa moja tu, mathe. Nilikupea wewe."

Alijua! Muda wote huo alijua!

Mwenye CD hiyo isiyokwama wimbo wa saba aniambie bei. Na Franco wangu bado namdai.