Seremala mzima, nimefundishwa adabu na glaida ya balsa

Mimi ni seremala. Nimezoea mbao ambayo ukiigonga kwa nyundo nayo inakujibu. Ndiyo maana binti yangu wa miaka tisa alipoleta boksi la kuunda glaida, ile ndege ndogo isiyo na injini, ya balsa, mbao nyepesi sana, nilijua ni kazi ya nusu saa. Tulimaliza siku ya pili, na bawa la kwanza nilishalipasua kwa dole gumba kabla hata gundi haijafunguliwa.

Ndani ya boksi mna kijiti cha kiwiliwili, vipande viwili vya bawa vyenye unene wa milimita 1.5, bawa dogo la mkia, pezi la kusimama, kichupa cha gundi na karatasi moja ya maelezo. Vipande vyote vya mbao niliviweka pamoja kwenye mizani ya jikoni: gramu 8. Nilivipima tena nikidhani mizani imeharibika. Cha kuchekesha, wataalamu wa mimea wanaihesabu balsa kuwa mbao ngumu, kundi moja na mtiki, kwa sababu mti wake ni wa majani mapana. Ukiibonyeza kwa ukucha unabaki na alama.

Mbao yenyewe naisifu. Vipande vimekatwa kwa leza, vinachomoka vyenyewe ukipitisha wembe kwenye vile vishikizo vidogo, na nyuzi za bawa zinakwenda kwa urefu wake, kama inavyotakiwa. Zingepita kwa upana, bawa lingevunjika mara ya kwanza kurushwa. Kingo zimeungua rangi ya kahawia. Zipitishe msasa laini, namba 320 hivi, kabla ya kupaka gundi. Ukishika msasa, zungushia na ukingo wa mbele wa bawa uwe mviringo, na wa nyuma uufanye mwembamba. Hilo karatasi haikulisema.

Kuna mengi haikuyasema. Picha inaonyesha mabawa yameinuka kidogo pande zote mbili kama herufi V, lakini kipimo hakuna. Sisi tulilaza upande mmoja mezani, tukainua ncha ya upande wa pili sentimita 4 juu ya vitabu, tukatia nailoni chini ya maungio ili tusiunde ndege iliyogandana na meza. Kila upande ni sentimita 15, na mwinuko huo ulitosha: ndege ikilalia upande mmoja hujirudisha yenyewe. Mabawa yaliyonyooka kabisa hayaipi msaada huo.

Gundi yao iacheni. Ni ile ya kukauka papo hapo, na mtoto hapati muda wa kunyoosha kitu. Pezi letu liliganda likiwa limepinda, nikalikata kwa wembe na kuliweka upya kwa gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, maana gundi nayo ni uzito. Halafu tukasubiri. Kusubiri ndiko kulikomshinda binti, na mimi pia.

Lawama yangu kubwa ni usawa wa uzito wa ndege. Maelezo yanasema "rusha kwa nguvu kuelekea juu." Tukarusha. Ikapanda, ikasimama hewani kama imesahau kitu, ikaanguka kwa pua. "Baba, imezimia," akasema. Kumbe haikuwa na uzito mbele. Ndege kama hii iwekwe ikae sawa juu ya ncha za vidole viwili, vidole vikiwa chini ya bawa, theluthi moja ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Bawa letu lina upana wa sentimita 6, kwa hiyo nilitia alama ya penseli kwenye sentimita 2, tukabandika udongo wa kuchezea puani kidogo kidogo hadi ikatulia. Ikiendelea kupanda na kuporomoka, ongeza udongo. Ikichimba moja kwa moja, punguza. Na irushwe taratibu, pua ikitazama mbele au chini kidogo, kama unamkabidhi mtu kitu. Mistari mitatu ingetosha kueleza hayo, na nafasi ya kuichapa ilikuwepo.

Tena ilikuwa inavuta kushoto. Hapo ndipo useremala ulinifaa angalau mara moja: nilibonyeza vipande vya bawa nikagundua cha kushoto ni kigumu zaidi, yaani kizito zaidi. Balsa haifanani, mita moja ya ujazo inaweza kuwa chini ya kilo 100 au ikapita 200. Watengenezaji wangeoanisha vipande vyenye uzito mmoja. Punje ya udongo kwenye ncha ya kulia ilipunguza tatizo.

Kama wewe ni mgeni wa kazi hii, boksi lichukue kwa ajili ya mbao, na hii karatasi ya maelezo itumie kujaribia msasa. Mtoto chini ya miaka minane asiachiwe wembe.

Mara ya mwisho ilivuka uwanja, ikapita juu ya kichwa cha jirani aliyekuwa anaanika nguo, ikatua kwenye shuka lake. Bawa la kulia lina kovu la gundi sasa, binti amelichorea jicho. Bado inavuta kushoto kidogo.